Waliniambia ngozi yangu inaua umeme: nilivyofukuzwa shule Stanleyville kwa kukataa kuomba msamaha

Wakuu, hodi humu ndani.

Jukwaa hili nalisoma miaka mingi, kujibu najibu mara chache, uzi sijawahi kufungua hata mmoja. Leo nafungua nikiwa na hasira, nisiwafiche.

Juzi kuna mdau aliandika humu kwamba sisi watu weusi sayansi si kitu chetu, hatukuumbiwa, tubaki na ngoma na mpira. Watu wakampa likes za kutosha.

Nikaweka simu chini. Nikanywa chai. Nikairudia ile comment. Chai haikusaidia kitu.

Basi nawasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, na chumvi humu hamtaikuta hata punje. Pale niliposahau nitasema nimesahau.

Mimi ni mwanamke, nimepita themanini na tano. Nakaa Kigoma, lakini nimezaliwa na kukulia Kisangani, Kongo, enzi ambazo Wabelgiji waliiita Stanleyville. Sisi wenyewe hatukuacha kuiita Kisangani. Wajukuu wananicheka ninavyoandika kwa kidole kimoja. Wacheke tu, kidole ni changu.

Ukoo wetu ni wangwana, Waislamu ambao mababu zao walifika kule na misafara ya biashara zamani sana. Papa alikuwa fundi cherehani. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: papa, mimi na koko. Koko ndiye mama yake papa. Kule kwetu ukisema "bibi" watu wanaelewa mke wa mtu, kwa hiyo nyanya tunamwita koko.

Sasa hii ni mwishoni mwa miaka ya hamsini, miaka miwili mitatu kabla ya uhuru.

Wasichana wa Kiislamu kusoma ilikuwa shida. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi waliogopa mtoto atarudi amebatizwa. Kisha ikafunguliwa shule moja isiyo ya dini, ya kuandaa wasichana wawe walimu wa shule za msingi. Jina lake silitaji. Papa akanipeleka.

Mtaani walimsema sana. Kuna mzee alimwambia mbele za watu kwamba anawalelea wazungu binti. Papa akamjibu, "Niko namulelea ubao na chaki. Weye wa kwako unamulelea nani?"

Hilo naomba mliweke akilini. Papa alisimama peke yake kwa ajili yangu.

Shuleni kwenyewe, wakuu, msidhani tulisoma sana. Tulishona. Tulipiga pasi. Tuliogesha mtoto wa mpira. Tulipika mchuzi mweupe wa maziwa na unga ambao sijawahi kukutana na Mkongo anayeutaka. Sayansi ilikuwa saa moja tu kwa wiki, kila Alhamisi.

Aliyefundisha sayansi alikuwa Mademoiselle fulani (ndivyo tulivyomwita mzungu wa kike asiyeolewa), kijana, ametoka Ubelgiji hata mwaka haujaisha. Jina lake nalikumbuka lakini nalo silitaji. Ana ndugu zake, na sikuja hapa kugombana na marehemu.

Alhamisi hiyo somo likawa umeme.

Alikuja na kijiti cha kioo, kitambaa cha hariri na vipande vidogo vya karatasi. Akatueleza kwa Kifaransa kwamba akisugua kioo kwa hariri, kioo kitavuta karatasi kama sumaku inavyovuta sindano.

Kwa wale ambao fizikia iliwapita kando: ukisugua vile, chembe ndogo mno zenye chaji zinahama kutoka kwenye kioo kwenda kwenye hariri. Hariri inabaki na ziada, kioo kinabaki na upungufu. Chaji imekaa pale pale, haitiririki kwenye waya, ndiyo maana inaitwa umeme tuli. Na kitu chenye chaji kinavuta vitu vyepesi.

Akasugua. Akashusha kijiti juu ya karatasi.

Kimya.

Akasugua tena, kwa nguvu, mpaka nywele zikamshuka usoni. Karatasi zimelala kama zimemeza dawa ya usingizi.

Akamwita Agathe, rafiki yangu, akamwambia ajaribu. Hakuna. Akaniita mimi. Hakuna. Wengine watatu wanne. Hakuna kitu.

Nje mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kisangani, kwa wasioijua, mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea. Ukuta unatoa jasho, chumvi inageuka maji, viatu ukiviacha chini ya kitanda vinaota ukungu wa kijani.

Mademoiselle akaweka kijiti mezani, akafuta mikono yake. Akasema, na aliyasema kwa upole kabisa kama mtu anayetoa pole, kwamba kosa si letu. Kwamba vifaa vimeshikwashikwa na mikono yetu, na ngozi ya mtu mweusi ina jasho na mafuta ya aina yake ambayo yanaua umeme. Kwamba ndiyo maana kazi za umeme hazitufai. Kwamba Ulaya jaribio hili halijawahi kumshinda.

Wenzangu wakaandika kwenye daftari. Wakuu, waliandika! Agathe aliandika "ngozi" na kupiga mstari chini yake.

Mimi nikanyoosha mkono. "Mademoiselle, samahani. Wewe ndiye uliyesugua wa kwanza, kabla yetu. Mbona mkononi mwako pia kilikataa?"

Darasa likacheka. Sikuwa nimekusudia wacheke. Mademoiselle akawa mwekundu mpaka masikio, akaniambia nikae.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Nikamkuta koko barazani na shanga zake. Nikamsimulia yote huku nalia kwa hasira.

Sasa koko, katika ujana wake, aliuza shanga. Na katika shanga, zenye thamani kubwa zilikuwa za kaharabu, ile ya rangi ya asali inayotengenezewa tasbihi. Matapeli walikuwa wengi, wanakuletea mfupa uliotiwa rangi ya manjano wanakuapia kwa Mungu ni kaharabu. Koko alikuwa na njia yake ya kuwakamata.

Aliisugua shanga kwenye nguo, halafu akaishusha juu ya sufi ya mto, zile nyuzi nyepesi. Shanga ikiinyanyua sufi, ni kaharabu. Isipoinyanyua, muuzaji anaonyeshwa mlango.

Nimelijua jambo hilo tangu utotoni. Nililiona kama jambo la biashara ya koko tu. Halikuwahi kunipitia akilini kwamba ndilo lile lile la Mademoiselle.

"Koko," nikamuuliza, "na siku ya mvua?"

Akaniangalia kama nimeuliza iwapo samaki anaogelea.

"Siku ya mvua haikubali. Inanyonya baridi, inakuwa na uvivu. Unaipasha kwanza karibu na mbabula, na nguo pia unaipasha. Mutu wa uongo alikuwa anapenda kuja na mvua, aseme ni mvua ndiyo inazuia. Miye nilikuwa namwambia: bon, kaa, kunywa kahawa, moto iko, tutapasha."

Akapeleka shanga kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Akaigeuza geuza, akasugua. Sufi ikaruka.

Mkono wake ulikuwa mweusi kuliko wangu.

Ndipo nikaelewa, wala sikuhitaji kitabu. Si ngozi, ni maji. Hewa ya kwetu inapaka kila kitu utando mwembamba wa maji usiouona kwa macho, na chaji inatoroka kupitia utando huo kabla hujaitumia. Ukikausha, chaji inakaa.

(Miaka mingi baadaye mwalimu wa madrasa hapa Kigoma aliniambia Waarabu umeme wanauita kahraba, kutokana na kaharabu hiyo hiyo. Nilicheka nikakumbuka matapeli wa koko.)

Alhamisi iliyofuata nilikwenda shule na vipande vya hariri kutoka kwa papa. Kabla ya kipindi nikapita chumba cha kupigia pasi, nikachukua pasi moja ya makaa, imewaka vizuri. Nikaingia nayo darasani, nikaiweka juu ya tofali.

Mademoiselle akauliza ni nini. Nikamwomba dakika tano za jaribio. Sijui kwa nini alikubali. Labda alitaka nishindwe mbele za watu.

Nikakausha hariri kwa pasi. Nikakipasha kijiti cha kioo karibu na pasi polepole, maana kioo ukikiharakisha kinapasuka. Karatasi pia nikazipasha. Mikono yangu sikuifuta. Nilifanya makusudi.

Nikasugua, nikashusha.

Karatasi ziliruka zote, wakuu. Nyingine zikaganda kwenye kijiti, nyingine zikadunda zikaanguka. Darasa zima likasimama. Agathe alipiga ukelele.

Mademoiselle akasema ni joto. Hewa ya moto inapanda, imezibeba.

Haya, hoja nzuri. Hapo namheshimu, alifikiri kama mtu wa sayansi. Nami nikafikiri hapo hapo. Nikakiacha kijiti kipoe na chaji yake iishe, nikakipasha upya, lakini safari hii sikukisugua. Nikakishusha juu ya karatasi kikiwa na moto ule ule.

Hakuna kilichotikisika.

Nikakisugua. Zikaruka.

"Basi si joto, Mademoiselle. Joto linafukuza maji tu. Na ngozi yangu ni ile ile ya Alhamisi iliyopita."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonifukuzisha. Nimeifikiria miaka zaidi ya sitini, na ningeisema tena leo kwa sauti ile ile.

Mchana niliitwa kwa Madame directrice, mkuu wa shule. Alikuwa na karatasi nyeupe mezani na kalamu. Niandike kwamba nimemkosea heshima mwalimu, kwamba jaribio langu lilikuwa ujanja, na kwamba naomba msamaha. Nitaisoma mbele ya darasa Jumatatu. Nisipoandika, naondoka. Mtihani wa cheti ulikuwa umebaki miezi miwili.

Nikaomba nikaandike nyumbani. Akakubali, ila nirudi na papa.

Nyumbani papa alisikiliza bila kuinua macho kwenye cherehani. Kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Andika, mama." Kwetu baba akimpenda binti anamwita mama. "Ni wino tu. Utaandika, utapata cheti, kisha utafundisha ile unataka."

"Papa, nikiandika, wenzangu wote kumi na saba wa darasa watakwenda kufundisha watoto kwamba ngozi yao inaua umeme."

"Na usipoandika, watu wa huu mtaa watasema nini juu yangu?"

Hapo ndipo paliponiuma kuliko kwa Madame, kuliko kwa Mademoiselle. Mtu aliyenipigania ananiomba, na mimi namkatalia. Papa hakunigombeza. Alizungusha gurudumu tena, akashona, na ule mshono nakumbuka aliufumua wote kwa sababu ulikwenda upande.

Nikakaa nikaandika. Lakini niliandika tulivyofundishwa kuandika ripoti ya jaribio. Nilichofanya. Nilichokiona. Ninachohitimisha. Nikaweka jina langu chini. Nukta.

Jumatatu tukaenda. Papa alivaa kanzu yake ya Idi na koti juu.

Madame akaisoma. Alizoea kuongea na wazazi Kiswahili chake cha amri, akamwambia papa, "Mutoto yako iko na kichwa nguvu. Hii si musamaha. Hii iko uongo na dharau."

Papa akaomba niisome kwa Kiswahili. Nikasoma mstari kwa mstari mpaka mwisho.

Papa akaichukua ile karatasi, akaiweka mbele ya Madame, akaigeuza imwelekee.

"Madame, miye sikusoma. Niko fundi wa kushona tu. Onyesha mimi na kidole, wapi ile uongo iko?"

Madame akasema suala si hilo.

"Nimesikia. Lakini onyesha tu. Mustari gani?"

Hakuonyesha. Alisema maneno mengi juu ya adabu, na nafasi waliyonipa, na shukrani. Kidole hakikugusa karatasi.

Papa akasimama. "Alors, miye sitamwambia mutoto wangu aombe musamaha kwa kitu ya kweli. Twende, mama."

Tukatoka. Hivyo ndivyo nilivyofukuzwa, tukiwa wawili.

Sitawadanganya kwamba nilitembea kichwa juu. Nililia njia nzima. Papa naye alikuwa akipenga kamasi akisingizia vumbi, na barabara ilikuwa tope tupu. Kwa wiki kadhaa yule mzee wa mtaani alipita dukani kwetu kutusalimia kwa sauti kubwa, unajua ile salamu ya kukudhihaki. Wenzangu walifanya mtihani, wakapata vyeti. Mimi nikawa napinda nguo dukani.

Ila kukaa kimya kulinishinda.

Nilichukua tochi ya papa nikaifumua. Betri, kipande cha waya, kibalbu. Jumapili mchana nikawaita kina mama wa mtaa uani kwetu, wakaja na mboga zao za kuchambua. Nikawaonyesha: waya ukitoka upande mmoja wa betri, ukapita kwenye balbu, ukarudi upande wa pili, balbu inawaka. Ukiukata popote, hata nafasi ya unywele, inazimika. Umeme huu wa betri ni ndugu wa ule wa kaharabu, tofauti ni kwamba huu unazunguka, na ili uzunguke lazima njia ifunge.

Mama Sifa, muuza maboke, wale samaki wa kufungwa kwenye majani na kuchomwa, akashika waya mwenyewe. Akauunganisha, akautenganisha. Akaunganisha. Alifanya hivyo mara ishirini, pondu yake, yale majani ya muhogo, imeachwa chini kuku wanaila.

Akaniuliza, "Donc, zile taa za ville, za kule kwa wazungu, ni hivi hivi tu?"

"Ni hivi hivi, ila kubwa."

"Basi siku hizi zote walikuwa wanatuambia ni kitu ya akili yao, kumbe ni kamba kwenda na kamba kurudi?" Akageuka kwa wenzake. "Na huku kwetu haifike juu ya nini?"

Maporomoko ya Tshopo tulikuwa tunayasikia na mitambo yake ya umeme ipo pale. Nyumba zetu zilikuwa na mafuta ya taa. Nikamwambia, "Haifiki kwa sababu hawajavuta waya. Si kwa sababu nyingine."

Kina mama hao walirudi kila Jumapili. Hilo ndilo lilikuwa darasa langu la kwanza.

Karibu mwaka ukapita. Siku moja asubuhi Mademoiselle akaingia dukani kwa papa na gauni la kupunguzwa. Alikuwa anarudi Ulaya. Nadhani hakujua ni duka letu. Alinikuta mlangoni na sindano mkononi.

Akasimama. Nikampimia gauni. Nikiwa nimepiga magoti naweka pini chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba alijaribu. Jikoni kwake, peke yake, alikausha kila kitu kwenye jiko. Kikakubali. Akaacha kukausha, kikakataa. Mikono yake ile ile myeupe.

"Ulisema kweli," akaniambia. Kisha akatazama barabarani. "Naomba ibaki kati yetu sisi wawili. Madame hajui nimejaribu."

Nikainuka. Nikamwambia, "Mademoiselle, watu wote nimeshawaambia."

Papa alikuwa kwenye cherehani yake, pini mdomoni. Alicheka mpaka ikabidi azitoe moja moja.

Gauni tulilipunguza vizuri. Kazi ni kazi.

Uhuru ulipokuja walimu wa kizungu wengi wakaondoka, shule zikabaki na ubao bila mtu. Wakatafuta yeyote anayeweza kufundisha. Walinikuta uani na kina mama, nikachukuliwa bila cheti. Cheti nilikuja kukifanyia baadaye, nikiwa na watoto wawili. Vurugu zilipotuzidi tukavuka ziwa tukaja Kigoma, na nikafundisha sayansi mpaka nilipostaafu.

Kwa hiyo wewe mdau uliyeandika juzi, nimekusoma. Wala sikutukani. Nakuuliza swali la papa tu: onyesha kwa kidole. Mstari gani, jaribio gani, nani alipima, na hewa siku hiyo ilikuwaje?

Nilichojifunza mimi ni kwamba mtu akishindwa na kitu, aghalabu hutafuta wa kumbebesha kabla hajatafuta sababu. Na aliye karibu, tena mnyonge, ndiye anayebebeshwa. Usikubali kuandika daftarini kwa sababu tu aliyesema ana chaki. Na kama bei ya kusema kweli ni kufukuzwa, fukuzwa. Inauma, sikatai. Utapona.

Haya wakuu, nimemaliza, kidole kimekufa ganzi. Ninyi mliambiwa mwili wenu, ukoo wenu au jinsia yenu haiwezi kitu gani, na mlimjibu nini aliyewaambia? Andikeni hapo chini. Hata mnaonipinga njooni, nipo macho, na bado nina hasira.